Traugott Rehbein Hakusaini

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili. Hapa ni redio yenu ya Lauterwitz, na mimi ni Regine Kaltofen. Kama birika linalia jikoni, litoeni motoni. Kama keki imeshakatwa, kuleni, lakini tafuneni polepole ili msikie. Leo sina tangazo la mnada wala la paka aliyepotea. Leo nina mtu mmoja tu.

Traugott Rehbein amefariki dunia. Amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka tisini na miwili. Alikuwa mwongoza okestra. Aliongoza matamasha na opera katika jumba letu, lile la matofali ya manjano mnalolijua. Alifika mwaka 1954, akaondoka mwaka 1992. Miaka thelathini na minane, mji mmoja, jumba moja.

Gazeti kubwa moja limempa mistari minne. Mstari wa tatu unasema alikuwa "mwongozaji wa mkoani ambaye hakupata kufika kwenye majukwaa makubwa." Hakupata kufika! Nilipousoma nilipiga meza mpaka kahawa ikamwagikia ratiba ya kipindi. Basi leo nitawaeleza kwa nini hakufika. Na baada ya leo, mtu akiwaambia Rehbein hakufika, mwulizeni yeye amefika wapi.

Alizaliwa mwaka 1931, kijiji cha milimani, karibu na mpaka wa Bohemia. Baba yake, Arno, alifuma soksi kiwandani na Jumapili aliongoza wapiga tarumbeta wa kanisa. Mama yake, Hulda, alishona nyumbani kwa kulipwa kwa kila jozi. Vita vikaja, baba akaenda, hakurudi. Mwaka 1945 kundi la tarumbeta lilibaki na wazee sita, hawana wa kuwaongoza. Siku ya Pasaka, Traugott, miaka kumi na minne, akabeba kreti la viazi hadi mbele ya madhabahu, akasimama juu yake, akainua mikono.

Mchungaji akamwambia, "Wewe, shuka hapo."

Akajibu, "Mchungaji, nikishuka hawataniona."

Wazee wakapiga. Kreti lile halikuondolewa tena mpaka alipokwenda kusoma Leipzig. Binti yake, Henrike, ambaye ni mhandisi wa reli, ananiambia hivi: "Bibi Hulda alikuwa akisema, mtoto huyu ukimwambia shuka ndipo anapanda."

Mwaka 1954 akaja kwetu. Alikuja kwa msimu mmoja tu, hivyo ndivyo alivyomwambia mwenye nyumba. Na hakuja kuongoza. Katika kazi hii huanzii juu. Unaanza kwenye piano, kwenye chumba kisicho na dirisha, unawafundisha waimbaji nyimbo zao, na vidole vyako kumi ndiyo okestra nzima. Ukiivumilia kazi hiyo miaka kadhaa, ndipo siku moja wanakupa kijiti cha kuongozea.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa kwenye dirisha la kupokea makoti, orofa ya chini. Alimfahamu tangu wiki ya kwanza, maana Rehbein alikuwa akipiga mbinja kwenye korido. Mnajua wenyewe: ndani ya jumba la opera hapigi mtu mbinja. Ni mkosi. Wafanyakazi wa jukwaa walikuwa wakimfukuza kwa mafagio.

Mama akamwambia siku moja, "Bwana Rehbein, utatuletea balaa."

"Mama Kaltofen, balaa lilishakuja wakati wa vita likaondoka na nusu ya paa. Limechoka. Liache lisikilize."

Basi mbinja zikaendelea miaka thelathini na minane.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hili ni muhimu. Okestra yetu ina tabia yake. Okestra nyingi za kale za nchi hii zinayo. Kijiti kinaposhuka, sauti haiji hapohapo. Inakuja baadaye kidogo. Unaona mkono, halafu ndipo unasikia, kama umeme na radi. Hakuna aliyewahi kuliandika. Wapigaji wanasikilizana, wanavuta pumzi pamoja, wanaingia pamoja. Na waimbaji wa jukwaani wamezoea hivyo. Kijiti kwanza, sauti baadaye.

Rehbein mara ya kwanza kupewa kijiti, mwaka 1956, hili hakuwa amelijua kwa mkono wake. Alilijua kwa sikio tu. Akashusha kijiti. Kimya. Akadhani wanamdhihaki. Akashusha tena, kwa hasira. Nusu ya okestra ikaingia kwa pigo la kwanza, nusu kwa la pili. Fujo! Mama alisema makoti yenyewe yalitikisika.

Mkuu wa fidla wakati huo alikuwa Gotthold Unger, mtu mrefu, mkavu, aliyeongea mara mbili kwa wiki. Wakati wa mapumziko akamwendea.

"Kijana, ukibisha hodi, ngoja ufunguliwe."

"Na msipofungua?"

"Tutafungua. Sisi ni watu wa adabu."

Akajifunza kungoja. Ilikuwa vigumu kwake kuliko noti zote, maana kungoja hakukuwa kwenye damu yake. Lakini alijifunza, na mwaka 1966 akafanywa mkuu wa muziki wa jumba zima. Akamwoa Annelore, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti nzito. Henrike akazaliwa. Wageni wa kutoka miji mikubwa wakaanza kuja kumsikiliza. Budapest wakamwita, Leipzig wakamwita. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, na njia ilikuwa wazi mbele yake. Naomba mlikumbuke hili. Njia ilikuwa wazi.

Ndipo ukaja mwaka 1977.

Katika okestra alikuwepo Diethard Lohse, mpiga baragumu. Nasema lile baragumu la shaba lililojikunja kama konokono, ala ngumu kuliko zote. Lohse alikuwa mbora wao, na mji mzima ulijua. Mkewe alikuwa muuguzi. Kiangazi hicho mkewe aliruhusiwa kwenda Hamburg, ng'ambo ya mpaka, Magharibi, kumzika shangazi. Akamzika shangazi. Hakurudi.

Wasikilizaji wapendwa, wenye umri wangu mnajua maana yake. Aliyetoroka ni mmoja, anayelipa ni aliyebaki. Wakubwa wa wilaya wakataka Lohse aondoke kwenye okestra. Lakini hawakutaka ionekane ni kwa sababu ya mke. Walitaka ionekane ni kwa sababu ya muziki. Na wa kusema habari za muziki alikuwa mtu mmoja tu: Rehbein.

Mkurugenzi wa jumba, Helmar Prasse, akamwita ofisini. Haya nimeyasikia kwa Rehbein mwenyewe, na nimeyasikia kwa katibu aliyekuwa mlango wa pili, na maneno yanalingana.

"Keti, Traugott."

"Nimekaa kwenye piano asubuhi nzima. Nitasimama."

Prasse akamsogezea karatasi. "Ni Lohse huyu. Umemsikia siku hizi? Midomo imechoka. Noti za juu zinampasuka."

"Hata malaika ukimpa baragumu, noti za juu zitampasuka."

"Saini tu kwamba kiwango chake kimeshuka. Mengine niachie mimi."

"Kilishuka lini? Siku mkewe alipopanda treni?"

"Mimi sijamtaja mke."

"Nimeona. Ndiyo maana karatasi yako imekuwa fupi."

Prasse hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa mwoga, na mwoga akipewa ofisi ni hatari kuliko mbaya. Akashusha sauti. "Sikiliza, ndugu yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu lenyewe ni langu, Helmar."

"Unamtetea mtu ambaye mkewe katucheka sote!"

"Wala simtetei. Andika karatasi inayosema mke wa Lohse ametoroka, nitaisaini hapahapa, maana ni kweli. Hii inasema Lohse anapiga vibaya. Huu ni uongo. Mimi kazi yangu ni kusema nini kimesikika. Nikidanganya hapo, nimebaki na kazi gani?"

Hakusaini. Akatoka, na katibu anasema alitoka akipiga mbinja.

Wiki moja baadaye akavuliwa ukuu. Akarudishwa kule kule alikoanzia mwaka 1954: piano, chumba kisicho na dirisha. Marufuku kushika kijiti. Miaka arobaini na sita, mtu mzima, mkuu wa muziki, anapigia piano wanafunzi wa uimbaji. Watu wengine mjini walianza kuvuka barabara wakimwona. Nisiwafiche, wasikilizaji, baba yangu alikuwa mmoja wao.

Akaletwa mwongozaji mwingine kutoka mji wa jirani, Egbert Sandau, kijana wa miaka thelathini na moja, mpole, mwenye mtoto wa miezi minne. Mpango ulikuwa hivi: Sandau ataongoza opera ya msimu, kisha atathibitishwa kuwa kaimu mkuu, kisha atasaini karatasi ya Lohse. Kila mtu jumbani aliujua mpango huo. Kila mtu, ila Sandau mwenyewe.

Siku ilikuwa Jumapili ya Novemba, saa tisa alasiri, onyesho la wastaafu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani wa kiwanda cha glavu, na nilikuwa nimekaa roshani ya juu kabisa, mahali pa bei rahisi. Opera ilikuwa ile ya zamani ya wawindaji na msitu, ambayo baragumu nne ndizo roho yake. Kwenye boksi la kati, viti vya heshima, walikaa wageni wa wilaya, wamevaa suti za kijivu. Mama alisema makoti yao yalikuwa mazito kuliko ya watu wengine, na hayakuwa na kijitanzi cha kutundikia.

Jana yake, kwenye kantini, Unger alikuwa ameongea mojawapo ya mara zake mbili za wiki. Alishusha uma kwenye saladi ya viazi akasema, "Kesho tutakuwa watiifu." Basi. Hakuongeza neno. Wapigaji sitini na wawili wakaendelea kula soseji zao.

Sandau akaingia shimoni, pale mbele ya jukwaa okestra inapokaa. Makofi. Akainua kijiti, akakishusha. Na sauti ikashuka nacho! Palepale! Hapakuwa na umeme na radi. Sauti iliangukia kijiti kama sahani inavyoangukia sakafu.

Mwanzoni hatukuelewa kuna nini. Noti zote zilikuwa sahihi. Hakuna aliyekosea hata moja. Lakini muziki haukuwa na pumzi. Kwaya ya wawindaji ikaingia kama ilivyozoea miaka yote, ikakuta okestra imeshapita. Wakakimbia kuifuata. Sandau akapunguza mwendo ili wamfikie, okestra ikapunguza hapohapo, kwaya ikaipita. Akaongeza, wakaongeza. Mkono ukaanza kumtetemeka, na fidla zote zikatetemeka. Mwisho maskini akainua mkono wa kushoto ajifute jasho.

Ngoma ikalia. Dum!

Watu wakacheka. Mwanamke wa mbele yangu, mwenye kofia ya kahawia, akamgusa mumewe. "Jamani, wamelewa?"

"Hawajalewa," mumewe akasema. Alikuwa mchimba makaa mstaafu, mikono kama makoleo. "Watu hawa wana akili zao zote. Nenda kawaulize wamekasirishwa na nani."

Pazia likafungwa mapema. Mapumziko. Prasse akateremka mbio hadi shimoni, uso mwekundu. Yaliyofuata nimesimuliwa na wanne waliokuwemo, na Lohse mwenyewe ni mmoja wao. Nimempigia simu Bremen juzi. Ana miaka themanini na minne, na bado anasimulia akicheka na kulia kwa pamoja.

"Mnafanya nini?" Prasse akafoka.

Unger akasimama taratibu, fidla kwapani. "Bwana Mkurugenzi, kuna noti tuliyokosea?"

Prasse akapekua noti zilizokuwa mezani.

"Kuna asiyemfuata mwongozaji?"

Sandau akajibu mwenyewe, amelowa jasho kama katoka mtoni. "Hakuna. Wanafanya kila ninachowaambia. Hilo ndilo tatizo."

Mngemwadhibu mtu kwa kosa gani? La kutii?

Sasa, Rehbein alikuwa orofa ya tatu, chumbani kwake, na kuna spika ndogo inayoleta sauti ya jukwaani. Alikuwa amesikia yote. Alishuka ngazi akiwa na sweta lake la viwiko vilivyotiwa viraka na sapatu za kitambaa za nyumbani, zile za mirabaraba, kwa sababu huko juu sakafu ilikuwa baridi na hakuna aliyekuwa akimwona. Mngedhani amefurahi. Alikuwa amewaka.

"Nani kawatuma?" akawauliza okestra. "Nimewaomba mimi? Mnamtesa mtoto wa watu ambaye nyumbani ana kichanga! Amewakosea nini?"

Unger akasema, "Kosa lake ni kwamba atasaini."

Sandau akageuka. "Nitasaini nini?"

Watu sitini wakatazama viatu vyao. Ikabidi Lohse aseme, akiwa amepakata baragumu lake, anamwaga maji yaliyojikusanya ndani, kama wafanyavyo wapigaji wote.

"Kwamba mimi napiga vibaya. Ni karatasi tu. Usijali, kijana. Mkeo na mtoto wanakuhitaji."

Sandau akamtazama Prasse. Prasse akatazama pazia. Na kijana yule mpole, ambaye alikuwa ametoka kuaibishwa mbele ya watu mia saba, akasema maneno ambayo mimi ningependa yachongwe kwenye mlango wa jumba lile. Akasema, "Nimefanya kazi na Bwana Lohse wiki tatu. Sijawahi kusikia baragumu kama lake. Sisaini." Akaweka kijiti juu ya meza ya noti. Akakaa kwenye ngazi, akajishika kichwa.

Basi wakawa wawili.

Juu, kengele ya mapumziko ikalia mara ya pili. Wastaafu walikuwa wanarudi vitini, wageni wa wilaya wanatazama saa. Prasse alibanwa kila upande. Akamgeukia Rehbein.

"Traugott. Ingia shimoni uongoze."

"Nimepigwa marufuku."

"Nimeiondoa!"

"Kuna sharti."

"Sema sharti lako, haraka!"

"Unalijua. Na usiniambie mimi. Waambie wao, kwa sauti."

Lohse anasema Prasse alitazama juu walikokaa wageni. Kisha akawageukia wapigaji sitini na wawili, akasema, "Bwana Lohse anabaki kwenye okestra hii." Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia Rehbein, "Hili watalilipiza kwako. Unajua? Si kwake. Kwako."

"Najua. Nipishe nipite."

Nilikuwa juu kule, wasikilizaji wapendwa, nimeshika chuma cha roshani. Nikaona mtu aliyevaa sweta na sapatu akitembea katikati ya okestra. Kwanza wapiga fidla wakaanza kugonga nyuta zao kwenye vishikio vya noti, tak tak tak, ndiyo makofi yao. Kisha wengine wakasugua miguu sakafuni. Kisha watu. Yule mchimba makaa alisimama. Wageni wa wilaya hawakusimama, lakini mmoja, namjua, alijisahau akapiga makofi mawili, akakumbuka, akaacha.

Rehbein akainua mkono. Akaushusha. Akangoja.

Na ukaja. Ule muziki ulikuja kwa wakati wake wenyewe, na baragumu nne zikapumua kutoka gizani, na la Lohse lilikuwa la kwanza. Nililia. Sikuona aibu. Sijapata kusikia kitu kama kile tena, na nimekaa kwenye redio hii miaka thelathini na moja nikisikiliza kila kitu.

Lohse alibaki. Rehbein akarudishiwa ukuu wake, maana baada ya siku ile wangemfanya nini? Lakini walilipiza, kama Prasse alivyosema. Barua za Budapest zilikoma. Za Leipzig zilikoma. Kila alikoalikwa, jibu lilikwenda kwamba Bwana Rehbein ni mgonjwa. Miaka kumi na miwili alikuwa mgonjwa! Mtu aliyekuwa akiogelea mtoni Aprili!

Henrike anasema, "Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza, Baba, hujutii? Akaniambia, najutia jambo moja, kwamba sikupata muda wa kuvaa viatu."

Hapo ndipo alipoishia kufika, enyi wa gazeti. Hamkumnyima kitu kwa kuandika mistari minne, lakini andikeni ukweli. Njia ilikuwa wazi, ikafungwa kwa makusudi, na yeye alijua itafungwa.

Mwaka 1981 Lohse akaruhusiwa kuhama. Akaenda kwa mkewe, Bremen. Hapo mji ukapata la kusema. Kwenye foleni ya bucha, nilikuwepo, mama mmoja akamwambia Rehbein, "Unaona? Umeumia kwa ajili yake, na yeye kakupa mgongo. Shukrani ya punda ni mateke."

Akamjibu huku akichagua nyama yake ya kusaga, "Mama, sikukataa ili abaki. Nilikataa kwa sababu ilikuwa uongo. Akiishi Bremen, je, uongo umegeuka kweli?" Kisha akamwambia muuza nyama, "Robo kilo. Na usiniwekee mafuta mengi, nimekuona."

Ukuta wa Berlin ukaanguka. Wakubwa wale wakaondoka, wakaja wengine. Mwaka 1992 akaletwa mshauri kutoka Magharibi, kijana nadhifu, mchangamfu, ana begi la ngozi. Akasema okestra ya watu sitini na wawili ni kubwa mno kwa mji wetu. Ipunguzwe ifike arobaini na moja. Akampa Rehbein fomu. Aorodheshe walio dhaifu, ataje kasoro za kila mmoja, asaini chini.

Mnaona? Serikali nyingine, karatasi ileile. Safari hii ilikuwa na nembo ya rangi.

Rehbein akamwambia, "Hapa kwangu hakuna dhaifu ishirini na mmoja."

"Bwana Rehbein, kila mahali wapo. Ni suala la takwimu."

"Wewe unapiga ala gani?"

"Mimi? Hapana, mimi ni mchumi."

"Basi niachie fomu mpaka Jumatatu."

Akaenda nayo nyumbani. Alikuwa na miaka sitini na moja. Mwaka ule ule, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mitano, barua ilikuwa imefika kutoka nje: Budapest walimtaka tena, lakini kama mkuu wa jumba letu, si kama mstaafu. Annelore aliiweka kwenye kabati la vyombo ili aione kila anapotafuta kikombe. Jumatatu akairudisha fomu kwa mshauri, mikono miwili, kwa adabu.

Fomu hiyo ninayo hapa mezani. Henrike ametuazimisha. Nawasomea ilivyo. Jina: Traugott Rehbein. Ala: kijiti. Kiwango: dhaifu. Kasoro: hajui kusaini.

Basi. Hakuna jina lingine. Mistari ishirini iko mitupu, na pale chini pa saini ni patupu pia.

Wakamwondoa. Alikuwa amejiandika mwenyewe, wangefanyaje? Barua ya Budapest ikabaki kabatini. Okestra ilipungua, naam, lakini kwa wazee waliokwenda zao kwa hiari, mmoja mmoja, kwa miaka mingi. Hakuna hata mmoja aliyeondoka hapa akiwa na karatasi ya Traugott Rehbein inayosema anapiga vibaya. Hata mmoja. Nasema tena, hata mmoja.

Kwa Henrike, kwa wajukuu, kwa okestra yetu ya zamani na ya sasa, kwa Diethard Lohse huko Bremen, redio hii inatoa pole. Mungu awape subira. Mazishi ni Jumatano saa nane. Marehemu aliacha neno kwamba mashada hayataki. Alisema, "Msininunulie maua. Nunueni tiketi."

Sitawaomba dakika ya ukimya. Aliuchukia ukimya usioandikwa kwenye noti. Nawaomba mjiulize swali moja tu baada ya kipindi hiki: mara ya mwisho nilipoweka saini yangu, nilichosaini kilikuwa kweli? Wengi wenu mtaona ni swali jepesi. Mimi nimejiuliza tangu Jumanne, na jibu langu silipendi.

Novemba ile nililia roshanini na kupiga makofi mpaka viganja vikavimba. Machi iliyofuata, kiwandani, msimamizi alinisogezea karatasi. Ilihusu mwenzangu, Roswitha Pohl, fundi wa kushona, ambaye kaka yake alikuwa ameomba kuhama. Ilisema kazi yake ina kasoro. Mimi ndiye niliyekuwa nikikagua glavu. Nilisaini. Hata sikukaa nikafikiri, nilisaini nimesimama, na Roswitha akaondolewa Ijumaa. Miaka thelathini na moja nimewasomea habari za watu wengine na hii sijawahi kuisoma.

Roswitha, nasikia unaishi kwa bintiye dada yako, na kwamba Jumapili redio huwa imewashwa. Nilizikagua glavu zako zote, jozi kwa jozi. Zilikuwa nzuri. Hazikuwa na kasoro yoyote.